Hiyo "Esq." nyuma ya jina ni nini hasa?

Kaka, binamu yangu kamaliza sheria Marekani, siku hizi kwenye imeli anaweka Esq. mwisho wa jina. Ndo digrii gani hiyo?

Sio digrii dada yangu. Ni kifupi cha Esquire, tamka eskwaya, asili yake Kilatini, scutum ni ngao na scutarius ni mbeba ngao, ikapitia Kifaransa cha zamani ndo ikafika Uingereza. Eskwaya alikuwa kijana anayembebea naiti, yaani askari wa farasi mwenye cheo, ngao yake vitani, baadae ikawa cheo tu cha heshima, chini ya naiti na juu ya jentelmani. Wanasheria waliingia hapo kwa sababu barista, yule wa kusimama mahakamani, alihesabiwa eskwaya kwa kazi yake, solisita, yaani mwanasheria wa makaratasi, akabaki jentelmani. Marekani hawana huo mgawanyo kwahiyo wakili yeyote huwa anaitumia. Ila Uingereza kwenyewe ilisambaa mpaka bahasha ya mwanaume yeyote ikaandikwa Esq., kwahiyo kule ukiiona usidhani ni wakili.

Naweza kuandika Mr. mbele na Esq. nyuma?

Hapana, chagua moja.

Na wanawake je?

Marekani ndio, mawakili wa kike wanaitumia kama kawaida. Uingereza ilikuwa ya wanaume.

Mimi nina LLB, digrii ya kwanza ya sheria, ya hapa Dar, nikiweka Esq. kwenye bizinesi kadi kuna shida?

Mdogo wangu, hapa naomba unisikilize vizuri. Bongo hatuna huo utaratibu, wakili anaitwa Wakili, na wenzake kortini wanamwita wakili msomi, nayo tuliichukua kwa Waingereza hao hao. LLB peke yake haikufanyi wakili, bado kuna Law School, shule ya mafunzo ya uwakili baada ya digrii, alafu uapishwe na Jaji Mkuu. Mtu wa kawaida mwenye kesi ya kiwanja akiona Esq. ataamini kapata wakili, atakukabidhi hati na hela, na wewe huwezi hata kusimama kumtetea, hiyo inaniuma sana kwa kweli. Andika jina lako na LLB, inatosha, ni heshima umeitolea jasho.

Sasa mteja atajuaje wakili wa kweli?

Asiangalie kadi kabisa. Aingie e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wenye majina ya mawakili, atafute jina, ni dakika chache tu, na afanye hivyo kabla hajatoa hata shilingi.