Kabla ya kuponda shubiri, jua kinachoua kuku wako

Huku Vihiga na Kakamega, kuku akianza kusinzia asubuhi, dawa ya kwanza huwa iko uani: shubiri, mwarobaini, pilipili kichaa, majivu. Ya pili iko agroveti, duka la dawa za mifugo, ule unga wa njano unaokorogwa kwenye maji. Watu huniuliza ipi bora. Mimi hufuga kuku wa kienyeji na hutumia za pande zote mbili, lakini nikiulizwa hivyo hurudisha swali: kuku wako anaugua nini? Kirusi, bakteria, vijidudu vya utumbo, minyoo na chawa ni maadui tofauti, na hakuna jani wala unga unaowaweza wote.

Nianze na Newcastle, wengine huiita kideri, kwa sababu ndiyo inayofagia boma zima. Kuku hunya kijani, hupumua kwa shida mdomo ukiwa wazi, mabawa hulegea, na wale wanaochelewa kufa hupinda shingo. Huu ni ugonjwa wa kirusi na hauna dawa ya kuuponya, ya duka wala ya shamba. Unga wa njano ni antibiotiki, na antibiotiki huua bakteria, haiui kirusi. Shubiri nayo imepimwa: watafiti wa Afrika Mashariki waliwanywesha kuku maji ya shubiri aina ya Aloe secundiflora na kuwaambukiza Newcastle. Kwa wale waliotangulizwa dawa kabla ya ugonjwa, vifo vilipungua kiasi. Havikuisha. Kama umetegemea shubiri peke yake, bado utachimba shimo la kuzika kuku.

Mbona basi kila kijiji kina mtu anayeapa kwamba shubiri iliokoa kuku wake? Simwiti mwongo. Mara nyingi kuku wake walikuwa na mafua au homa ya matumbo, na dalili za mwanzo za magonjwa haya hufanana: kujikunyata, kuhara, kukataa chakula. Tena hata Newcastle ikipita, wachache hubaki hai bila kupewa chochote, na aliyewanywesha shubiri atasema ndiyo iliyowabakisha. Waliokufa hawahesabiwi katika simulizi hiyo.

Kinachozuia Newcastle ni chanjo. Ipo inayoitwa I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, nayo imewafaa sana wafugaji wa vijijini wasio na friji. Bado ibebe kwa ubaridi na uikinge na jua. Hutiwa tone moja jichoni, kifaranga na jogoo dozi ile ile, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Kwa hiyo shawishini majirani, mchange pesa, mchanje siku moja. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu kuku wetu hawajui mpaka wa shamba. Ukichanja wako na wa jirani wakaachwa, ugonjwa umebaki na makao mlangoni pako. Fanyeni hivyo wiki kadhaa kabla ya Desemba, kabla kuku hawajaanza kuhamishwa kutoka soko hadi soko na kutoka kwa shemeji hadi kwa shangazi.

Na hapa ndipo mitishamba huweza kuharibu kazi. Kuna chanjo nyingine za kunywa, kama za Gumboro, ugonjwa mwingine wa kirusi. Hizo ni hai, na maji ya bomba yenye klorini huziua. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua, na siku hiyo usitie shubiri, mwarobaini wala dawa yoyote ndani yake. Kuku hunyimwa maji kwa muda mfupi kabla ya chanjo ili wainywe yote haraka. Ukiwapa maji machungu watayaonja na kuyaacha, na chanjo itafia kwenye chombo.

Uchungu huo ni tatizo hata siku za kawaida. Kule Kisumu jua likiwaka, mtetea anayekataa maji kwa sababu ya shubiri hupunguza mayai, na mfugaji hudhani ugonjwa umezidi. Isitoshe, utomvu wa njano wa shubiri huendesha tumbo. Kuku ambaye tayari anahara akizidishiwa atakauka maji mwilini. Dawa ya mti ina kipimo pia, ila hakijaandikwa popote kwenye jani.

Sasa koksi, ugonjwa wa vifaranga kuhara damu. Hapa sina subira na majani. Ukiona damu kwenye maranda, vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wamejikunyata na mabawa yameshuka, nenda agroveti siku hiyo hiyo ukachukue dawa ya koksi kama amproliamu. Iwe ya kutia kwenye maji, kwa sababu kifaranga mgonjwa huacha kula kabla hajaacha kunywa. Jambo moja ambalo muuzaji husahau kulisema: amproliamu hufanya kazi kwa kukinyima kijidudu vitamini B1. Ukichanganya na vitamini zenye B1 siku hizo hizo, unamlisha adui uliyekuja kumuua kwa njaa. Vitamini zisubiri dozi imalizike.

Lakini koksi huletwa na unyevu. Mayai ya kijidudu hicho yanahitaji joto, hewa na majimaji ili yakomae, na masika yetu ya Machi hadi Mei hutoa vyote. Inua chombo cha maji kifike usawa wa mgongo wa kifaranga, toa maranda yaliyolowa kila asubuhi, ziba paa linalovuja. Kazi hii haigharimu kitu, na bila hiyo utanunua dawa kila kundi.

Kuhusu antibiotiki, naomba tuwe wakali kwa nafsi zetu. Kuku mmoja anapiga chafya, banda zima linanyweshwa dawa, halafu mayai yale yanaenda kwenye chai ya watoto. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, na zimeandikwa kwenye pakiti. Kwetu Waluhya mgeni akija ingokho, yaani kuku, huchinjwa, kwa hiyo kuku aliye kwenye dozi afungwe uzi mguuni ili asikamatwe na mtu asiyejua. Na dozi imalizwe. Bakteria waliobaki baada ya dozi ya nusu huizoea dawa, na baadhi ya dawa hizo ni jamaa moja na zile tunazopewa hospitalini.

Mitishamba ninaipa nafasi kubwa kwa wadudu wa nje. Majivu kwenye shimo la kuku la kuoga vumbi hupunguza chawa. Majani ya mwarobaini kwenye viota hunisaidia dhidi ya utitiri. Viroboto wanaong'ang'ania kuzunguka macho wapake vaselini, wakose hewa. Usiwapake mafuta ya taa, huchoma ngozi ya kuku. Pilipili kwenye maji haimsumbui kuku, kwa kuwa ndege hahisi ukali wake, lakini sijaiona ikiponya ugonjwa wowote mkubwa. Kwa minyoo natumia dawa ya duka.

Kuku wakianza kufa mfululizo, usiongeze dawa juu ya dawa. Chukua aliyekufa muda si mrefu, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye barafu bila kumgandisha, umpeleke kwa daktari wa mifugo wa kaunti au kwenye maabara ya uchunguzi wa mifugo, kama ile ya Nakuru. Peleka na mmoja mgonjwa aliye hai kama unaweza. Waambie pia kila ulichowanywesha, shubiri ikiwemo, bila kuona haya, maana majibu yao yanategemea hilo.