Usilipe hizo taa: weka ekspozha ya kamera milisekunde 10 kwanza

Usinunue hizo taa. Nimesoma uzi wako mara mbili nisikukosee. Una karakana ya mafunzo Industrial Area, Nairobi, umefunga kamera mbili mbele ya hedseti (kioo cha kuvaa machoni) ili mwanafunzi aone mashine halisi na maelekezo juu yake, picha inapepesa mkiwa ndani na inatulia mkitoka nje. Jamaa wa duka la vifaa vya umeme barabara ya Luthuli amekwambia ung'oe tyubu zote za dari, uweke LED zake, kisha uongeze stebilaiza. Unauliza taa zipi, hedseti ipi inafaa kwa bajeti yako, na kama programu ya kutuliza picha itasaidia. Sijui kama ni muuzaji yule yule aliyekuja kwetu. Maneno ni yale yale, na sisi yalitumalizia pesa za muhula mzima.

Stima yetu ni volti 240, hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mkondo hufika kileleni mara mbili katika kila mzunguko, mara moja kwa kila upande, kwa hivyo nuru ya taa hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Wimbi moja la nuru ni milisekunde 10. Jicho lako halilioni, kamera inaliona. Ekspozha ni muda ambao shata, mlango wa nuru wa kamera, inakaa wazi. Ikikaa wazi milisekunde 10 kamili, kila fremu, yaani kila picha moja ya video, inakusanya wimbi zima, haijalishi imeanzia wapi. Milisekunde 20 pia ni sawa, na 30. Ikikaa wazi milisekunde 2, fremu moja inashika kilele, inayofuata inashika bonde, na hapo ndipo picha yako inapopepesa. Na kwa kuwa kamera nyingi ndogo husoma picha mstari kwa mstari, utaona pia mikanda ya giza ikitembea kwenye picha.

Piga hesabu kwa nuru inayopanda na kushuka kama wimbi laini. Ekspozha ya milisekunde 2 inaacha karibu asilimia 94 ya kupepesa kwa taa ndani ya picha. Milisekunde 8.3 inaacha karibu asilimia 19. Milisekunde 10 inaacha sifuri. Sifuri hiyo haikugharimu hata shilingi moja, ni namba tu unayoandika kwenye mipangilio ya kamera.

Sasa nikueleze tulivyochomwa, kwa sababu ndipo unapoelekea.

Muuzaji alikuja karakanani, akatoa simu, akafungua kamera na kuielekeza darini. Kwenye kioo cha simu mistari myeusi ikaanza kutembea. Akageuka, "Mdosi, umeona? Hizi taa zimeisha." Tukaamini, kwa sababu tulikuwa tumeona kwa macho yetu. Lakini mistari ile haikuonyesha ubovu wowote. Ilionyesha kwamba taa inatumia stima ya hezi 50 na simu imechagua shata fupi. Angeielekeza simu hiyo hiyo kwenye tyubu mpya alizokuwa nazo ndani ya katoni, angeona mistari mizito zaidi. Sidhani hakujua. Mtu anayeuza taa kila siku amewahi kuziona kupitia simu yake.

Tukang'oa tyubu zote, tukafunga zake. Kupepesa kukazidi. Sababu yake ni hii: tyubu za zamani za choki na stata zina unga mweupe ndani ya kioo unaoendelea kung'aa kidogo mkondo unapopita sifuri, kwa hivyo nuru haizimi kabisa. LED hufuata mkondo papo hapo. Kama draiva yake, saketi inayoipa umeme, ni ya bei ya chini, haina kapasita ya kutosha kulainisha umeme, basi inazima karibu kabisa mara 100 kwa sekunde. Tulilipa kuondoa taa zilizokuwa zikipepesa kidogo, tukaweka zinazopepesa sana.

Tukampigia simu. Akasema basi tatizo ni stima ya Kenya Power, inapanda na kushuka, tunahitaji stebilaiza. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hadi leo. Stebilaiza inashughulika na volti. Haigusi hezi, na haibadilishi umbo la wimbi la nuru hata kidogo. Kuiuza kama dawa ya kupepesa kwa kamera ni kumuuzia mtu kitu ukijua hakitafanya kazi. Tuliinunua, ikakaa ukutani ikiunguruma, picha ikabaki vile vile.

Mwisho akatuletea kijana wa programu. Kijana alikuwa mwaminifu na alijua kazi yake, ila alikuwa amepewa tatizo lisilo sahihi. Kamera zetu zilipiga fremu 60 kwa sekunde. Kati ya fremu 60 na mawimbi 100, mfuatano wa mwangaza hujirudia kila baada ya fremu tatu. Akachanganya kila fremu na mbili zilizotangulia, mwangaza ukatulia, tukashangilia. Kisha mwanafunzi akasogeza mkono akaona mikono mitatu. Akageuza kichwa, dunia ikamfuata kwa kuchelewa. Kila fremu hapo ni karibu milisekunde 17, na ndani ya hedseti ucheleweshaji mdogo namna hiyo mwili unauhisi. Mwanafunzi mmoja alivua hedseti akakimbilia nje kutapika. Hilo ndilo jibu langu kuhusu programu ya kutuliza picha: inakuja baada ya ekspozha kurekebishwa, kufuta masalio madogo, tena kwa kusawazisha mwangaza wa fremu nzima bila kuchanganya fremu na fremu.

Kilichokuwa kimeharibika ni hiki. Kamera zilitoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwa umeme wa hezi 60, wa Marekani. Kipengele cha kuzuia kupepesa kilikuwa kimewashwa, ndiyo maana hakuna aliyekishuku. Kilikuwa kinaipeleka ekspozha kwenye milisekunde 8.3, wimbi moja la nuru la kwao. Ukitumia kamera ya USB kwenye kompyuta ya Linux, tafuta mpangilio unaoitwa power_line_frequency: 0 ni kuzima, 1 ni hezi 50, 2 ni hezi 60. Ukikuta 2, hapo hapo umempata mwizi. Kamera za Android nazo zina mpangilio huo ndani ya programu, zenye chaguo la 50, 60 au otomatiki. Weka 50. Usiiachie otomatiki ikubashirie ukiwa Nairobi.

Lakini kubadilisha mpangilio huo peke yake hakutoshi, na hapa nakuomba usome polepole. Ekspozha ya otomatiki inaweza kuuvunja wakati wowote nuru ikizidi. Saa sita mchana jua la Nairobi likipiga dirishani, kamera itajishusha yenyewe hadi milisekunde 2 au 1 ili picha isiungue kwa weupe. Jua halipepesi, lakini taa za dari bado zimo ndani ya picha, na kupepesa kunarudi. Utasema umerekebisha asubuhi na mchana kumeharibika tena, utaanza kutafuta mchawi. Ifunge ekspozha kwa mkono kwenye milisekunde 10. Picha ikiungua, punguza geini, yaani kiasi ambacho kamera inakuza nuru iliyoipata. Ikiwa bado inaungua, weka filta ya kijivu mbele ya lenzi au pazia dirishani. Kukiwa na giza, ongeza geini uvumilie chembechembe. Guseni kila kitu kingine kabla ya kugusa hiyo 10.

Ina gharama yake, sikufichi. Mtu akigeuza kichwa kwa nyuzi 100 kwa sekunde, milisekunde 10 zinapaka picha kwa nyuzi 1. Maandishi madogo kwenye mashine hayatasomeka kichwa kikiwa kinageuka, yatasomeka kikitulia. Fundi hasomi kibandiko huku akizungusha shingo.

Idadi ya fremu nayo ina neno. Kwa fremu 120 kila moja ina milisekunde 8.3 tu, kwa hivyo 10 haiingii hata ufanyeje. Shuka hadi 100 au 90. Kwa 90 kila fremu ina milisekunde 11.1, nafasi ipo. Hedseti ya Apple Vision Pro ina kasi ya hezi 100 kati ya kasi za kioo chake, na 100 inakwenda sambamba na taa za umeme wa hezi 50. Kasi ya kamera ikilingana na ya kioo, hakuna fremu inayorudiwa wala kurukwa.

Usilichukulie hili kama suala la picha mbaya tu. Kwa ekspozha fupi, kamera ya fremu 60 chini ya taa zetu inatoa mwangaza unaopanda na kushuka mara 20 kwa sekunde. Ya fremu 90 inatoa mara 10. Watu wenye kifafa kinachoamshwa na nuru huathirika zaidi kati ya mimweko 15 na 25 kwa sekunde, na hedseti imefunika macho yote mawili, hakuna pembeni pa kutazama. Mwaka 1997 huko Japani, katuni ya televisheni ilimulika nyekundu na buluu takriban mara 12 kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitalini. Hao walikuwa wakitazama runinga ya sebuleni. Hadi ekspozha itakapofungwa, usimvishe mwanafunzi yeyote hiyo hedseti.

Stima ikipotea mkawasha jenereta, jua kwamba jenereta ya kawaida haishiki hezi 50 vizuri. Ikiwa na mzigo mdogo inaweza kwenda 52, nuru inakuwa mawimbi 104, na milisekunde 10 zinaacha karibu asilimia 4. Inavumilika. Jenereta ya inveta haina shida hiyo.

Na usipime kwa kuelekeza simu kwenye lenzi za hedseti. Kioo cha hedseti chenyewe huwaka na kuzima kila fremu, utaona mistari hata kamera zikiwa safi kabisa. Rekodi picha ghafi inayotoka kwenye kamera, ikitazama ukuta mweupe, hedseti ikiwa juu ya meza.

Umesema muuzaji anataka nusu ya pesa kabla ya Jumatatu. Mpigie leo, mwambie asubiri. Kisha weka hapa rekodi ya sekunde chache ya huo ukuta, moja asubuhi na moja saa sita jua likiwa dirishani, pamoja na fremu kwa sekunde na ekspozha iliyokuwa imewekwa. Nitaitazama usiku huu nikitoka kazini.