Mama anaogopa kwenda Chennai

*Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 61 na amepewa rufaa ya kwenda kupasuliwa moyo Chennai, India. Mimi ndiye nitakayemsindikiza. Tangu habari zienee mtaani, kila anayekuja kumwona ana lake: Wahindi hawagusi nyama, wanaabudu ng'ombe, kanisa hatalipata, wana mkono wa birika, na Mwafrika hawamtaki. Binamu yangu ananifundisha maneno ya Kihindi aliyookota kwenye filamu. Juzi mama kaniambia afadhali afie kwake kuliko kwa watu asiowajua. Wewe uliwahi kuandika kwamba ulisoma huko. Nimwambie nini?*

*Kitinda mimba, Tabora*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu hofu kama hiyo naijua. Nilikaa Pune miaka 3, kuanzia 1986, nikisomea ualimu. Mwaka 2014 nikarudi India, safari hii Chennai, nikimuuguza kaka yangu kwa wiki 9. Kati ya miji hiyo miwili treni inatembea zaidi ya kilomita 1,000, na unaposhuka hukuti lugha ile, wala herufi zile, wala chakula kile. Kwa hiyo kila anayemwambia mama "Wahindi wako hivi", muulize kwa upole: Wahindi wa wapi?

Maneno ya binamu yako yaache Tabora. Chennai wanasema Kitamil. Sisi Waswahili neno letu "Kihindi" linatupoteza, maana tunalitumia kwa lugha moja ya kaskazini na pia kwa kila kitu cha India. Katiba yao inataja lugha 22, na mwaka 1965 watu wa Tamil Nadu, jimbo lenye Chennai, waliingia barabarani kukataa kutawaliwa kwa Kihindi, wengine wakapoteza maisha. Kiingereza chako cha sekondari kitakufaa zaidi. Ila jifunze maneno mawili: mwanamke aliyekuzidi umri mwite *akka*, dada mkubwa, na dereva wa bajaji mwite *anna*, kaka mkubwa. Watamil hawamwiti mkubwa kwa jina tupu, kama vile wewe usivyoweza kuniita mimi kwa jina.

Na kichwa! Siku ya pili Chennai niliingia duka la dawa na cheti cha kaka yangu. Muuzaji akakisoma, akayumbisha kichwa kulia na kushoto, taratibu, kama bua la mtama kwenye upepo. Nikajua dawa hakuna. Nikatoka, nikaanza kulia pale kwenye ngazi, maana lilikuwa duka la tatu. Yule kijana akanikimbilia na mfuko mkononi: "Akka, dawa!" Kule kutikisa vile ndiko kusema ndiyo, sawa, nimekusikia. Mweleze mama mapema, ili daktari akimtikisia kichwa asidhani amekatiwa tamaa.

Sasa chakula, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu siwezi kukieleza bila kumweleza mwanamke aliyenilea Pune.

Chumba cha kwanza nilichokitafuta nilikubaliwa kwa barua. Mwenye nyumba aliponiona mlangoni akasema kimeshachukuliwa. Tangazo la chumba hicho lilibaki dirishani wiki nzima, nikilipita kila asubuhi. Chumba cha pili mlango ulifunguliwa na mama mfupi, mjane, aliyenitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kisha akauliza kama nimekula. Nilikuja kumwita *Aai*, yaani mama kwa Kimarathi, lugha ya Pune. Ukutani kwake palikuwa na picha moja kubwa ya mwanamume mwenye miwani, suti ya bluu, kitabu mkononi. Nikadhani ni baba yake.

Alikuwa ni B. R. Ambedkar. Huyo alizaliwa 1891 katika jamii iliyohesabiwa najisi, ambayo watoto wake hawakuruhusiwa hata kugusa maji ya shule, akasoma mpaka akapata shahada za uzamivu Marekani na Uingereza, kisha akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India. Kifungu cha 17 cha katiba hiyo kinapiga marufuku kumfanya mtu najisi. Oktoba 14, 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha, na watu laki kadhaa wakaingia pamoja naye. Baba yake Aai alikuwemo kwenye umati ule. Aai alinisimulia hayo jikoni, huku mikono yake ikifanya kazi, kisha akasema anajua maana ya kuambiwa chumba kimejaa wakati ndani hamna mtu.

Hiyo kazi ya mikono ndiyo nataka mama aisikie. Aai alikuwa anapika *bhakri*, mkate wa unga wa mtama. Mtama huu huu wetu. Anaukanda kwa maji ya moto, anachukua donge, analipigapiga kwa kiganja juu ya sinia lenye unga mpaka liwe duara pana, kisha analiweka kwenye chuma cha moto. Upande wa juu anaupaka maji kwa vidole, haraka, na mvuke unapanda. Anageuza. Mwisho anauweka kwenye moto wenyewe nao unavimba kama puto. Tulikula na pilipili mbichi iliyopondwa kwa kitunguu saumu na chumvi. Mimi niliyekuja na hakika kwamba India ni chapati na biriani, siku ile nilimkumbuka bibi yangu Dodoma na ugali wake wa mtama.

Na Jumapili Aai alipika nyama ya mbuzi. Wasiokula nyama wapo wengi sana, hasa katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan, na wengine hata yai hawaligusi. Lakini uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2014 ulikuta watu wazima 7 kati ya 10 wanakula. Chennai samaki, kuku na mbuzi vipo kila mtaa. Ng'ombe ndiye mwenye heshima yake kwa Wahindu, na majimbo mengi yanakataza kumchinja, ingawa jirani tu pale, Kerala, nyama ya ng'ombe hupikwa na kuuzwa mchana kweupe. Mheshimuni tu, kama mnavyowaheshimu majirani zenu Waislamu kwa kutowapikia nguruwe. Vyakula vya pakiti vyenye kidoti cha kijani ndani ya mraba havina nyama. Asubuhi mtafutie mama *idli*, vitumbua vyeupe vya mchele na choroko nyeupe vilivyopikwa kwa mvuke, si kwa kukaangwa. Kaka yangu alipokuwa hawezi kitu kingine chochote, aliweza hizo.

Kuhusu kanisa, mama aondoe wasiwasi kabisa. Sensa yao ya 2011 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni 170 na Wakristo zaidi ya milioni 27. Chennai kwenyewe, karibu na bahari, kuna kanisa kuu la Santhome, lililojengwa pale ambapo Wakristo wa India wanaamini alizikwa mtume Tomaso. Muombe dereva awapeleke kabla ya siku ya kulazwa.

La mkono wa birika linaniuma, maana linatokana na sisi kumjua Mhindi mmoja tu, yule wa nyuma ya kaunta. Kwao karibu nusu ya wafanyakazi wako shambani. Na kuna Masingasinga, ambao kila hekalu lao lina jiko linalomlisha yeyote anayeingia, wa dini yoyote, bure. Lile la mji wa Amritsar hulisha maelfu kwa maelfu kila siku, wote wameketi chini mstari mmoja.

Hili la Mwafrika kutotakiwa sitalificha, kwa sababu mama akikutana nalo bila kuonywa litamuumiza zaidi. Ubaguzi upo. Mimi ulinifungia mlango. Januari 2016, mwanafunzi wa kike kutoka Tanzania alishambuliwa na kundi la watu katika mji wa Bengaluru, na jambo lile bado linanitia uchungu. Kupenda weupe kunawatesa wao wenyewe pia: matangazo ya kutafuta wachumba magazetini yanataja rangi ya ngozi kama sifa, na krimu za kung'arisha zinauzwa kila kona. Lakini Chennai mama atawakuta manesi na madaktari weusi kama yeye, wanaojua vizuri kabisa jinsi watu wa kaskazini wanavyowasema. Mtu akimkazia macho kwenye foleni, mara nyingi ni mshangao. Amsalimie. Mimi nilisalimia, na kila mara lililofuata lilikuwa swali: unatoka wapi, una watoto wangapi, mgonjwa wako anaendeleaje.

Mnapojiandaa, chukueni sweta, kwa kuwa vyumba vya hospitali vina baridi hata nje kukiwaka jua. Chukua nakala tatu za kila cheti. Khanga zake abebe.

Na kuna jambo moja mwambie nimemwachia yeye. Asubuhi, karibu na malango ya hospitali na makanisa na mahekalu, utawaona wanawake wameketi chini na makapu ya asumini zilizosukwa kwenye uzi. Wanaziuza kwa mkono: muuzaji anakunja kiwiko, anaunyoosha uzi kutoka hapo mpaka ncha ya kidole, anakata. Wanawake wa Chennai wanazibandika nyuma ya nywele, wazee kwa vijana. Siku kaka yangu aliporuhusiwa, muuzaji wa pale tulipopita kila siku alinipimia mkono mzima, akanigeuza bega, akanibandikia mwenyewe, na pesa akakataa.