Acha kuandika "kujenga", andika tofali 1,700

Kila Januari, kwa miaka mitano, niliandika neno moja kwenye ukurasa wa kwanza wa shajara: KUJENGA. Mwaka mmoja nililiandika kwa kalamu nyekundu kabisa. Desemba ikifika nipo palepale Gongo la Mboto, chumba na sebule, nahangaika na kodi ya miezi sita.

Kiwanja nilikuwa nacho. Nilikinunua Chanika, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, nikapiga nacho picha. Baada ya hapo kila nikienda kukitazama nakuta nyasi zimenifika kiunoni, na safari moja nilikuta mtu kapanda muhogo wake. Muhogo wenyewe ulistawi kweli.

Aliyenitoa usingizini ni fundi mmoja mzee. Nilimwita anipe makadirio, na nikisema ukweli nilitaka anitajie mamilioni ya kutisha ili nirudi nyumbani nikiwa na sababu. Hakutaja hata shilingi. Alipima kwa hatua, akachora kwa kijiti kwenye mchanga vyumba viwili, sebule, jiko na choo, akasema: "Mwalimu, kuanzia msingi hadi linta, tafuta tofali 1,700 za inchi sita. Ukizipata niite." Akapanda bodaboda yake akaondoka.

Usiku ule nilikaa na mke wangu tukapiga hesabu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa kwa haki unatoa tofali kama 33. Mshahara wangu, ukishakatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo na makato mengine, ungeweza kubeba mifuko miwili kwa mwezi, pamoja na mchanga na ujira wa mfyatuaji. Ni tofali 66. Gawanya 1,700 kwa 66, unapata miezi 26 hivi. Kwa mara ya kwanza ile KUJENGA yangu ikawa na mwezi na mwaka wake.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitakuuliza kwanza: tofali la lengo lako ni nini? Mwenzangu wa shuleni alikuwa amekwama kwenye tasnifu ya uzamili. Akaacha kusema "mwaka huu namaliza", akaanza kuhesabu kurasa, moja kila siku kabla ya kipindi cha kwanza. Mwingine anataka kulipa madeni. Huyo ahesabu majina kwenye daftari la duka, ayafute moja moja.

Utasema, kwa nini usiweke hela benki ujenge kwa mkupuo? Wapo wanaoweza. Mimi kibubu changu cha mbao nilikivunja mara tatu kabla ya Pasaka. Hela iliyo kwenye simu ndiyo mbaya zaidi, maana ndugu wote wana namba yako. Tofali huwezi kumtumia mtu. Binamu akipiga simu usiku nikamjibu "sina", ilikuwa "sina" ya kweli, na nililala vizuri. Saruji nayo ilinisaidia kwa ubaya wake: ukiiweka ndani miezi mingi inaganda. Mshahara ukitoka, Jumamosi inayofuata lazima niende Chanika, nipende nisipende.

Sasa nikwambie nilipoharibu. Mfyatuaji wa kwanza tulikubaliana nimlipe kwa kila tofali. Nilikuwa na lengo la hesabu, nikaona na yeye nimpe hesabu. Akawa ananionyesha tofali 45, mara 50, kwa mfuko mmoja, nami nikirudi kwenye daladala natabasamu, najiona nimewahi ratiba. Wiki ya tisa mtoto wa jirani alirukia moja, likamegeka kama mkate wa juzi. Mchanga mtupu. Tena hazikuwa zimemwagiliwa maji, na tofali linataka kumwagiliwa angalau siku saba ndipo likomae. Nilipoteza karibu tofali 180.

Nilikasirika na yule kijana, lakini nikikumbuka vizuri alifanya nilichomlipa afanye. Nilimlipa kwa idadi, akanipa idadi. Wa pili nilimlipa kwa mfuko, na jirani mwenye kisima nikampa elfu tano kila mwezi amwagilie. Nawe kwenye lengo lako tazama sehemu hii kwa makini, kwa sababu idadi inadanganya vizuri sana. Yule wa tasnifu alikiri kuna asubuhi alijaza ukurasa kwa nukuu tupu ili tu apige tiki.

Kitu kilichoniumiza kuliko fedha ni michango. Ukiwa mwalimu unaonekana una mshahara wa uhakika, basi uko kwenye kila kundi la harusi. Kadi ya mtu mmoja laki moja, ya wawili laki na nusu, na katibu anakukumbusha ahadi yako mbele ya watu 200. Tuliamua na mke wangu: harusi elfu 20, basi, na kadi hatudai. Msibani tunakwenda na tulicho nacho. Maneno yalisemwa. Shangazi yangu mmoja alininunia mwaka mzima, na sitakuficha, sherehe nyingine nilitamani sana niwepo.

Kuna miezi minne sikununua hata mfuko mmoja. Mama alilazwa, mtoto akaanza shule, mambo mawili yakagongana. Mwezi uliofuata nikajitia ushujaa, nikanunua mifuko minne ili nifidie, nikajikuta tarehe 12 nakopa hela ya nauli kwa riba. Tangu hapo, mwezi ukipita bila mfuko nausamehe, naendelea na mifuko yangu miwili. Tarehe ndiyo isogee. Ile miezi 26, ukijumlisha na zile tofali za mchanga, ikawa 33.

Boma liliposimama, mbinu ya mifuko miwili iligoma. Mbao za kenchi, zile za kubeba paa, ukizinunua kidogo kidogo zinapinda au zinaibwa. Hapo tuliingia mchezo wa kupeana hela kwa zamu, walimu 12, laki moja kila mwezi, nami nikaomba zamu ya saba. Ile 1,200,000 ikanunua mbao na misumari, na bati zikatoka kwenye kikoba cha mke wangu. Nisisitize hili: mchezo niliuingia nikiwa na boma linalosubiri paa. Miaka ya nyuma niliwahi kupokea zamu bila kitu kinachoisubiri, na hadi leo siwezi kukuonyesha ile hela ilikwenda wapi. Televisheni, nadhani.

Tulihamia bila plasta, bila dari, mvua ikinyesha tunaongea kwa ishara. Mama mwenye nyumba wa Gongo la Mboto nilimkabidhi funguo akaniuliza kama nimepata pa bei rahisi zaidi.

Shajara ya mwaka huu ukurasa wa kwanza umeandikwa "madirisha saba". Matano yana grili na vioo. Mawili bado tumeziba kwa mabati yaliyobaki, na mchomeleaji nimemwambia Jumamosi ya mshahara aje na futi yake.