PS5 inavuta macho, CD ya mkono wa pili ndiyo inayolipa kodi ya fremu

Mwaka wa kwanza wa duka langu la gemu Kariakoo, siku nikiuza PS5, mashine ya gemu ya Sony, nilikuwa natembea kifua mbele. Jioni nikipiga hesabu, mashine ya zaidi ya milioni moja imeniachia kama elfu hamsini, na hapo winga aliyeleta mteja bado hajachukua chake.

Nikajua mimi ndiye sijui biashara. Kumbe hata wakubwa wako hivyohivyo. GameStop ya Marekani, yenye maelfu ya maduka ya gemu, mwaka 2013 katika kila dola 100 za mauzo ya mashine ilibakiwa na kama dola 10 kabla ya pango na mishahara. Kwenye gemu mpya ilipata kama 23. Kwenye zilizotumika, karibu 47!

Ukifikiri, ina maana. Bei ya gemu mpya anaipanga mwenye gemu: ilikuwa dola 60 miaka mingi, na PS5 ilipotoka 2020 kubwa nyingi zikapanda hadi 70. Wewe unabanwa katikati, na jirani anauza hiyohiyo. CD iliyotumika unaipangia wewe bei ya kununua na ya kuuza, na aliyeitengeneza hagawiwi kitu.

Mimi nanunua kwa 40,000, nauza 65,000. Naiangalia kwenye mwanga, naiweka kwenye mashine mpaka gemu lifunguke, ndipo natoa hela. Kuna CD moja ya gemu la God of War imepita mkononi mwangu mara nne: mteja analimaliza, anarudi kubadilisha na kuongezea. Laki moja hiyo, faida ya PS5 mbili, na CD ni ileile.

Ila si kila CD ni ya kuhifadhi. Februari moja nilibeba CD 20 mpya za gemu la mpira (vijana bado wanaliita FIFA, ingawa jina hilo liliishia toleo la 23) kwa 140,000 kila moja. Toleo jipya hutoka kila Septemba hivi, na mtandaoni bei ilishaanza kuporomoka. Nimezitoa kwa 80,000, na mbili bado zinanitazama kabatini. Za mpira chukua chache zinapotoka, na Januari isikukute na mzigo. Gemu la GTA V ni la 2013 na mpaka leo linaulizwa. La namna hiyo ukiletewa, nunua bila wasiwasi.

Kinachonitisha ni PS5 isiyo na mlango wa CD. Ukishamuuzia mtu hiyo, asiponunua kisoma CD cha kubandika (za tangu 2023 zinakipokea), gemu zake zote atanunua kwa Sony moja kwa moja mtandaoni, na kwako atarudi pedi ya kuchezea ikiharibika tu. Siwakatalii wanaoitaka. Ila kabla hawajalipa nawafungulia kabati la CD za 65,000, wapige hesabu wenyewe.