Hesabu Meno Kabla Hujatoa Hela

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimepata Honda CG125 ya zamani, iko vizuri ila haina mbio. Fundi anasema niweke sproketi kubwa mbele. Niweke?" Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Swali hilo mimi nililijibu kwa aibu, tena mchana kweupe.

Yangu niliachiwa na marehemu baba, aliyekuwa bwana shamba Kasulu. Sproketi zake, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, zilikuwa na meno 15 mbele na 41 nyuma, na mzee alipanda nayo vilima vyote vya huko bila kulalamika. Mimi mjuaji nikaona inachelewa. Nikampa fundi hela, akafunga 17 mbele. Kazi ya nusu saa: unavua kava, unafungua bolti mbili ndogo za spana namba 10, unazungusha kibati kinachoishikilia, sproketi inatoka. Urahisi huo ndio ulioniponza.

Jumamosi yake nikampakia mama watoto kutoka Kibirizi, hapa Kigoma mjini, na mfuko wa migebuka mapajani. Tulipofika stesheni tukaanza kupandisha kwenda Mwanga. Gia ya tatu ikakataa. Ya pili ikawa inakohoa. Nikarudi ya kwanza huku nimeshikilia klachi nusu, harufu ya kuungua ikatupanda puani. Mama watoto akashuka bila kusema neno, akajitwika samaki wake, akatembea. Bodaboda mmoja mwenye abiria wawili na kiroba akanipita, akageuka: "Mzee, isukume tu!" Kicheko kile bado nakisikia.

Na hiyo mbio yenyewe? Kwenye tambarare, ile 15 ya awali ilifika kilomita 90 kwa saa. Nilipofunga 17 iliishia 85, na spidomita ya CG inaendeshwa na tairi la mbele, kwa hiyo sproketi haiwezi kuidanganya. Injini ya nguvu za farasi 11 hivi haikuwa na ubavu wa kuivuta gia ya juu.

Ndugu zangu, gia ni kugawanya tu. Meno ya nyuma gawanya kwa ya mbele. 41 kwa 15 ni 2.73, maana yake sproketi ndogo inazunguka mara 2.73 ndipo tairi lizunguke mara moja. Namba ikipanda, pikipiki inavuta mlima ila injini inapiga kelele mapema. Ikishuka, inatulia, lakini inadai nguvu. Yangu ilishuka hadi 2.41. Leo natembelea 14 mbele na 41 nyuma, yaani 2.93. Ningebaki na 15 mbele, ningehitaji 44 nyuma kufika hapo: jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma. Kwa hiyo hesabu meno. Usikubali kuambiwa "hii kubwa, hii ndogo" kama unanunua viazi.

Na meno yakishapinda kama ndoano, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni. Cheni mpya kwenye sproketi iliyochoka ni kutupa hela ziwani. Niliwahi kuuziwa "mpya" iliyopigwa rangi tu, na aliyeniuzia ananisalimia mpaka leo. Klipu inayofunga kiungo cha cheni, mdomo wake utazame kinyume na cheni inakokwenda. Iachie cheni icheze sentimita 2 hadi 3. Vijana, tuache uvivu, tuache kumpa fundi akili zetu atutunzie! Mtu anajua magoli yote ya timu yake lakini hajui pikipiki inayomlisha ina meno mangapi. Hesabu meno, nasema tena.

Nilimwomba yule kijana ahesabu yake kwanza. Jibu limekuja jana usiku: mbele 16, nyuma 38. Hiyo ni 2.38, chini kuliko hata ile 2.41 iliyonishusha mke. Na fundi wake bado anataka kuongeza! Nimemwambia atafute 14, apate 2.71, karibu na ile ya mzee wangu. Meseji ameisoma, hajajibu.