Uvimbe wa neva ya sikio: kisu, mionzi au kungoja?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu kitu kimoja: uvimbe unaoota kwenye neva ya kusikia na mizani ya mwili, ndani kabisa nyuma ya sikio. Si saratani, wala hausambai kwenda kwenye ini au mapafu. Ila umekaa pabaya, ubavuni mwa neva inayoendesha uso na karibu na shina la ubongo, ndiyo maana watu wanatoka kwa daktari wakitetemeka. Nawajibu kwa urefu tofauti, kwa kuwa hamkuleta mizigo ya uzito mmoja.

Nina miaka 46, nauza mitumba soko la Owino, Kampala. Sikio la kushoto lilianza kuvuma, halafu simu nikawa naipokea kwa la kulia tu. MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya kichwa, imeonyesha uvimbe wa milimita 14. Daktari mmoja anasema nipasuliwe, mwingine anasema mionzi. Nimwamini nani?

Inawezekana wote wawili wamekuambia kweli, dada yangu. Kwa milimita 14 milango yote iko wazi, hata ule wa tatu ambao hukuutaja: kungoja huku ukipimwa. Kwa hiyo usianze na kuuliza ipi ni bora. Anza na kuuliza unataka kulinda nini.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi huligundua wakiwa wamechelewa: mionzi haiuondoi uvimbe. Miale myembamba hupigwa kutoka pande nyingi ikakutana pale pale kwenye uvimbe, na dozi hiyo, kwa kawaida Gray 12 au 13 (Gray ni kipimo cha mionzi) kwa mara moja, huzifanya chembe zake zishindwe kuzaliana. Kwa zaidi ya watu tisa kati ya kumi uvimbe huacha kukua. Lakini unabaki mlemle kichwani. Katika mwaka wa kwanza hivi unaweza hata kutuna kidogo kabla ya kutulia, na asiyeonywa hudhani tiba imeshindwa. Utahitaji MRI za kufuatilia kwa miaka.

Upasuaji huutoa wote, au sehemu kubwa. Gharama yake ni saa nyingi mezani, wiki kadhaa za kujifunza upya kutembea bila kuyumba, hatari ya maji ya ubongo kuvuja, na hatari kwa neva ya uso.

Na sikio? Hakuna njia inayorudisha usikivu uliokwisha potea. Ipo njia ya upasuaji inayopita katikati ya sikio la ndani, na hiyo huuzima usikivu wa upande huo moja kwa moja. Baada ya mionzi usikivu unaweza kubaki, lakini mara nyingi hufifia kadiri miaka inavyopita. Hata ukingoja tu, unaweza kupungua. Kwa hiyo fanya kipimo cha usikivu kinachopima pia kama unayaelewa maneno. Kama sikio hilo linasikia kelele tu bila kushika neno, basi si tena la kuamulia. Kinachobaki ni uso wako, mizani yako na kazi yako ya kuinua mabelo.

Mimi ningeomba MRI ya pili baada ya miezi sita, ndipo niamue. Kama umekua, kwa ukubwa huo ningeanza kuuliza habari za mionzi.

Mama yetu ana miaka 71, tuko Bombo. Uvimbe wake ni milimita 9, anasikia kizunguzungu kidogo tu. Ndugu zangu wanataka kuuza kibanja tumpeleke India haraka. Nisaidie.

Msiuze. Nasema hivi kwa moyo mzito, kwa sababu nimeona familia zikikosa pa kulima kwa ajili ya uvimbe ambao pengine usingesogea kabisa. Mwingi wa aina hii hukua polepole, milimita moja au mbili kwa mwaka, na mingine hukaa miaka bila kuongezeka. Kwa mama wa umri huo, mwenye milimita 9 na dalili ndogo, kungoja kwa kupimwa ni matibabu kamili. Si kumtupa. Apigwe MRI baada ya miezi sita, kisha kila mwaka, na picha za zamani zitunzwe ili zilinganishwe kwa milimita.

Pesa za sasa ziende kwenye yale yatakayomuumiza kesho: taa njiani kuelekea chooni, kishikio ukutani, bakora. Mzee mwenye kizunguzungu huvunjika nyonga gizani. Ndugu zako wakisema unamnyima mama tiba, wapeleke wakamsikilize daktari wenyewe.

Mke wangu, miaka 39, ana uvimbe wa milimita 38. Kichwa kinamuuma kila asubuhi, anatapika, anatembea kama mlevi. Anaogopa kisu, anataka mionzi. Tuko Arua.

Ndugu yangu, hapa sitasema ngojeni. Mionzi ya dozi moja huwafaa walio chini ya sentimita tatu hivi. Uvimbe wa mkeo umepita hapo, na kama nilivyosema, mionzi inaweza kuutunisha kwanza wakati nafasi imekwisha. Kichwa cha asubuhi pamoja na kutapika ni dalili kwamba huenda maji ya ubongo yamezibiwa njia. Macho yakianza kuona ukungu, au akisinzia kupita kawaida, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Mpelekeni leo hospitali ya rufaa Arua, mwombe barua ya kwenda kwa wapasuaji wa ubongo Kampala. Huenda wakaanza kwa kuyapitisha maji, halafu wautoe uvimbe. Mwambie hofu yake naielewa. Mwambie pia kwamba mpasuaji anaweza kuacha makusudi kipande kilichong'ang'ania neva ya uso, na kipande hicho ndicho kikapigwa mionzi baadaye. Kwa njia hiyo mionzi anayoitaka inaweza kuja, ila kisu ndicho kitakachotangulia.

Ni simu iliyonisababishia?

Kwa wengi chanzo hakijulikani, na simu haijathibitishwa. Ila kijana mwenye uvimbe masikio yote mawili lazima achunguzwe ugonjwa wa kurithi, pamoja na ndugu zake.

Mimi ni mwalimu Mbale. Naogopa uso kupinda kuliko kufa. Mionzi itaniokoa?

Kwa uvimbe mdogo, ndiyo: hatari ya uso kupooza ni ndogo zaidi kwa mionzi kuliko kwa upasuaji. Wala si aibu kuitanguliza hofu hiyo, mwalimu, uso wako ndio unaosimama mbele ya watoto. Lakini jua upande wa pili. Mionzi ikishindwa na ukalazimika kupasuliwa, kazi huwa ngumu zaidi kwa sababu uvimbe huwa umegandamana na neva. Ukichagua kisu, uliza kama wana kifaa cha kufuatilia neva ya uso wakati wa upasuaji. Na uso ukilegea, jicho ndilo la kuwahi: dawa ya matone mchana, mafuta na kulifunga usiku, lisije likakauka likapata kidonda.

Hospitali ya Mulago, Kampala, wana mashine ya mionzi. Kwa nini nitumwe nje?

Taasisi ya Saratani pale Mulago inazo, na tunakumbuka wote mwaka 2016 ile moja iliyokuwepo ilipokufa, wagonjwa wakapelekwa Nairobi, mpaka mpya ikazinduliwa Januari 2018. Baadaye zimeongezwa za kisasa. Lakini kulenga uvimbe wa milimita chache kwa dozi moja kunahitaji zaidi ya mashine: kichwa kishikwe kisitikisike, na ramani ya miale ichorwe kwa makini sana. Basi waulize hivi: mnatoa mionzi ya kulenga kwa dozi moja kwa uvimbe huu, au mnaigawa kwa siku nyingi? Mmeshatibu wangapi? Mpasuaji naye muulize swali hilo la mwisho bila haya.

Wakikuambia hawatoi, Nairobi ni karibu kuliko India: hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina CyberKnife, mashine ya mionzi ya kulenga. Usipande basi kwanza. Omba MRI yako kwenye CD, picha zenyewe na si karatasi ya ripoti peke yake, uzitume huko wazione. Na katika hesabu ya gharama weka MRI za miaka itakayofuata.